Silinda ya Tatu

Jumapili ile watu wa kiwandani walipokuja kurekodi, kaka yangu alikuwa bado hai, na gari lake ndilo lililokuwa chafu kuliko yote. Wenzake walikuwa wameosha mpaka ndani ya rimu. Yeye alifika na vumbi lake, akaegesha mwisho wa mstari kwenye uwanja wa gereji yangu, akashuka na kusema, "Wamekuja kusikiliza, hawakuja kutazama."

Tulikuwa watu tisa wenye gari la aina moja. Ni gari la milango minne, la petroli, ambalo mtu aliweza kupelekea watoto shule kwa adabu zote, halafu akirudi peke yake akakanyaga mafuta na gari likaondoka kama limetukanwa. Tuliliita Nyigu kwa sababu ya mlio wake. Kiwanda kilikuwa kimeacha kulitengeneza miaka sita nyuma, kikasema sasa kinahamia kwenye umeme, kwaherini. Sisi hatukuaga. Kila Jumapili tulikutana kwangu, tukafungua maboneti, tukapiga soga na kutia chumvi, na saa nne kamili Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliinua mkono na sote tukawasha kwa pamoja. Tulisikiliza dakika tano bila mtu kusema neno. Kisha tukazima, kila mmoja akaenda kwake. Mke wa Mwenyekiti alikuwa akiuliza kama ibada imekwisha.

Waliokuja kurekodi walikuwa wawili, mwanamke mwenye miwani na mwanamume aliyebeba nyaya. Walisema ni kwa ajili ya kumbukumbu za kiwanda. Walifunga maikrofoni karibu na mabomba ya moshi na ndani ya maboneti, gari moja baada ya jingine, wakitwambia tusikohoe. Walipofika kwa kaka, yule mwanamke aliomba liwashwe tena. Alifumba macho. "Hili lina kitu," alisema.

Kitu hicho nilikijua vizuri mno. Valvu moja ya silinda ya tatu ilikuwa imelegea. Injini ikiwa imetulia, kabla hujakanyaga mafuta, ilikuwa ikigonga: tik, kimya, tik-tik, kimya. Kaka alikuwa ameniomba niirekebishe tangu mwaka juzi. Ni kazi ya saa moja. Lakini gari la ndugu wa fundi hukaa mwisho wa foleni siku zote, kwa sababu wateja wana haraka na wana midomo, na ndugu yupo tu. Nilimwambia wiki ijayo. Alinicheka. "Wewe mdogo wangu, wiki yako ijayo haina siku."

Wageni walipoondoka, Mwenyekiti alitukusanya. Miaka thelathini na mitano ya ubao na chaki haimtoki mtu, alisimama mbele yetu mikono nyuma.

"Jamani, fikirini wenyewe," alisema. "Fundi cherehani anakuja na futi yake, anakupima mabega, anakupima kiuno. Halafu useme hana nia ya kukushonea?"

Tukatazamana. Kweli, nani anahangaika kurekodi injini asiyotaka kuitengeneza? Daktari wa meno, ambaye ndiye mwenzetu mwenye kisomo kikubwa kuliko wote, alisema hoja hiyo haina tundu. Siku ile ile tuliafikiana kwamba Nyigu anarudi. Watu wenye akili timamu wangeuliza maswali mawili matatu. Sisi tulinunua soda.

Kaka aliugua ini mwezi uliofuata. Miezi minne baadaye tulimzika.

Sikulia. Nilibeba jeneza, nikashika koleo, nikapokea mikono ya watu, nikarudi gerejini Jumatatu na kubadilisha breki za gari la mizigo. Watu walisema nimejikaza kiume, na mimi niliwaacha waseme. Sikujikaza. Palikuwa hapana kitu cha kukaza. Nilimweleza Daktari wa meno siku moja, kwa mzaha, kwamba nahisi kama mdomo uliochomwa sindano yake. Hakucheka. Aliniambia ganzi haina haja ya dawa, huisha yenyewe, ila nisitafune kitu kigumu kabla ya hapo maana nitajing'ata bila kujua.

Gari la kaka lilibaki uani kwa mkewe. Shemeji yangu ni muuguzi, mtu wa maneno machache na viatu visivyo na kelele. Mimi namwita shemeji, naye ananiita shemeji, neno linakwenda na kurudi baina yetu mpaka wakati mwingine hatukumbuki nani kamwita nani. Aliniita nyumbani akanikalisha jikoni.

"Nataka kuliendesha," alisema. "Sitaki kuliuza. Lakini kituo cha mafuta cha hapa karibu kimefungwa, sasa wanauza makochi. Kuna fundi anatoa injini na kuweka mota ya umeme na betri. Nimeshaongea naye."

Nilimwomba angoje. Nilimweleza habari ya maikrofoni, na ya futi ya fundi cherehani, na kwamba kiwanda kitatangaza gari jipya mwezi wa sita. Nyigu akirudi, vipuri vitarudi, na injini ya kaka itaishi miaka ishirini mingine mikononi mwangu. Injini hiyo ikienda, sitabaki na kitu chake nilichokishika kwa mikono hii. Hilo la mwisho sikulisema.

Alinitazama anavyowatazama wagonjwa wanaosema hawasikii maumivu.

"Basi mpaka siku hiyo. Baada ya hapo, shemeji, usinizungushe."

Siku ya tangazo tulijaa sebuleni kwa Mwenyekiti, Jumamosi mchana, mapazia yamefungwa ili televisheni ionekane vizuri. Mkewe alileta chai na kukaa mlangoni aone wanaume wazima watafanya nini. Gari likatokea jukwaani, limefunikwa shuka jeusi. Shuka likavutwa. Lilikuwa Nyigu. Mabega yale yale, taa zile zile za kununa. Halafu likawashwa, na mlio ukajaa sebule.

Mwenyekiti alisimama. Daktari wa meno alinishika goti. Watu walikuwa wanacheka na kupigana mabega, na mmoja alikuwa tayari anampigia simu mkewe. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, nasikiliza, kama ninavyosikiliza gari la mteja.

Tik, kimya, tik-tik, kimya.

Mtangazaji alifungua boneti. Ndani palikuwa na kisanduku kisafi cha kuwekea mizigo. Alieleza kwa furaha kubwa kwamba gari ni la umeme mtupu, na kwamba kwa heshima ya wapenzi wa gari la zamani, mlio halisi umechukuliwa kutoka kwenye magari yao na sasa unatoka kwenye spika.

Kikombe kimoja kiliwekwa chini polepole.

"Pa mizigo," alisema Daktari wa meno.

Mwenyekiti alikaa. Alijifuta miwani, akaivaa, akaivua tena. "Huenda la petroli wanalitoa baadaye," alisema. "Wanaanza na hili kwanza." Hakuna aliyembishia. Hata mimi sikumbishia, wala sikuwaambia ile silinda ni ya nani. Nilimaliza chai yangu, ilikuwa imepoa, nikaaga vizuri.

Nilimweleza shemeji jambo moja tu, kwamba Nyigu harudi. Aliitikia kwa kichwa. Fundi wa umeme angekuja Alhamisi.

Jumatano mchana nilikwenda kwake na sanduku la spana. Sikuwa na mpango wa maana. Ahadi ilikuwa ahadi, na wiki ijayo ilikuwa imefika. Nilifungua kifuniko cha valvu, nikaizungusha injini kwa mkono mpaka silinda ya tatu ikakaa mahali pake, nikapitisha kile kibati chembamba cha kupimia nafasi. Nafasi ilikuwa kubwa mno. Niligeuza skrubu kidogo, nikakaza nati, nikapima tena. Kazi haikufika hata hiyo saa moja niliyokuwa nikiinyima. Nikafunga, nikawasha.

Injini ilitulia safi. Haikugonga popote. Nilisimama pale na kitambaa mkononi nikisubiri kuridhika, au kuumia, chochote kile. Hakikuja kitu.

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Shemeji alitoka na mikono yenye povu la sabuni.

"Gari la nani hilo?"

"La kaka. Nimerekebisha ile valvu. Alikuwa ananidai kazi hiyo."

Alisogea karibu, akasikiliza. "Hapana," alisema. "Lake lilikuwa linagonga. Nilikuwa nalisikia likiwa bado kule kwenye kona, naweka maji ya chai. Likifika getini maji yanachemka. Miaka yote hiyo sikuwahi kuangalia saa." Akaonyesha boneti kwa kidevu. "Lirudishe lilivyokuwa."

Nilizima, nikangoja lipoe, nikafungua tena. Nikalegeza skrubu. Nikawasha. Tik tik tik tik, sawasawa, bila kupumzika.

"Siyo hiyo," alisema.

Nikaongeza. Nikapunguza. Kila mara nilizima, nikafungua, nikafunga, nikawasha, na kila mara alisimama pale pale povu likimkaukia mikononi, akasikiliza kwa makini, akasema siyo hiyo. Hakuwa ananilaumu. Angekuwa ananilaumu ningejua la kujibu. Ncha ya ile valvu, pale inapogongwa, ilikuwa imelika kwa miaka, kidogo kidogo, kila safari ya kurudi nyumbani, na nati ilikuwa imekaa kwa namna ambayo hakuna mkono ambao ungeweza kuikalisha tena. Nilikuwa nimetumia nusu saa kuondoa kitu kisichotengenezeka. Jua lilifika ukutani kwa jirani.

"Acha, shemeji," alisema mwishoni. "Umechoka."

Kesho yake injini ilinyanyuliwa kwa minyororo, ikawekwa kwenye kitoroli, ikasukumwa hadi gerejini kwangu. Ipo kwenye kona, nimeifunika turubai. Shemeji anaendesha gari kwenda kazini. Linapita bila sauti, na majirani wanashtuka linapokuwa limeshafika.

Ilinichukua wiki saba kumwambia lile jambo la pili. Nilimpitia Jumamosi, nikamwomba avae twende mahali. Alichukua mkoba wake. Lile gari jipya lilikuwa limefika kwenye duka la magari la mjini, limewekwa katikati ya sakafu inayong'aa, na muuzaji mwenye tai alitufungulia milango akidhani sisi ni mume na mke. Nilikaa kwenye usukani. Shemeji alikaa kando yangu, mkoba mapajani.

"Nini hiki?" aliuliza.

"Sikiliza tu."

Nilibonyeza kitufe. Spika zikaamka, zikanguruma, zikatulia.

Tik, kimya, tik-tik, kimya.

Sikumtazama. Niliona kwa pembe ya jicho kwamba ameinua kichwa na kukigeuza kuelekea mlango wa duka, mikono yake ikianza kunyanyuka kutoka kwenye mkoba, kama mtu anayetaka kuinuka ashughulike na jambo jikoni.

"Amefika," alisema taratibu.

Ganzi iliniishia pale pale, haikuniaga. Niliweka paji la uso kwenye usukani wa gari la watu na nikalia, kwa sauti, na kamasi, miezi yote ile kwa mkupuo mmoja. Niliumia kila mahali. Shemeji aliniwekea mkono mgongoni bila kuacha kutazama mlango.

Muuzaji alikuja mbio kwa adabu. Aliinama dirishani, akanyoosha kidole kwenye kioo cha kugusa kilichokuwa kati yetu.

"Samahani, wapendwa. Huo mlio kama unawasumbua unazimika. Unagusa hapa tu."

"Usiguse," alisema shemeji.