Maganda ya Jairo katika Chupa ya Mke Wangu

Mke wangu Bernadeta alikuwa na chupa moja ya kioo, pana, yenye mdomo wa kuingiza mkono, aliyopewa na masista alipomaliza kozi ya ushonaji kabla sijamwoa. Ilikaa juu ya kabati la vyombo, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe, na karibu mwaka mzima ilikuwa tupu. Mtoto akiigusa anachapwa. Mimi nikiigusa naangaliwa, na afadhali kuchapwa. Chupa hiyo ilikuwa inangoja Krismasi, na Krismasi ikifika aliyeijaza hakuwa mimi Mayala, mwenye nyumba. Alikuwa Jairo.

Jairo Okeyo alikuwa jirani yetu pale Kirumba. Kati ya uwanja wake na wetu palikuwa na ua wa minyaa tu. Mtu wa Shirati, mrefu, amepika miaka ishirini na mitano kwenye meli za ziwani, na huko ndiko alikojifunza kuchemsha maganda ya machungwa na mabalungi katika sukari mpaka yanageuka peremende. Marehemu mkewe, Akumu, ndiye aliyeanza kumletea Bernadeta maganda hayo kila Krismasi, maana walikuwa marafiki wa kusukana. Akumu alipofariki, Jairo akaendelea kuleta. Hayo yote nayajua, na siku ya matanga niliyasifu kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini nikiona kile kifuniko cha chupa kinafunguliwa, yote niliyoyajua yalinitoka.

Zamani sikupata nafasi ya kuona wivu. Nilikuwa kazini kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na tena sukari ilikuwa ya foleni. Mwaka mzima ukimbembeleza balozi wa nyumba kumi unapata ya kuwekea chai ya mgonjwa. Jairo alileta vipande saba au vinane, vikafunika tako la chupa, basi. Ikaja ruksa ya biashara huria. Maduka yakajaa sukari, ukitaka kilo kumi unabeba kilo kumi, na chupa ya Bernadeta ikajaa mpaka shingoni. Halafu mwaka wa tisini na tatu kiwanda kikatupunguza, nikarudi nyumbani mchana kweupe, nikakaa kwenye kigoda changu uani. Hapo ndipo nikaanza kuona mambo.

"Hodi hapa! Shemeji, njoo uonje, nimejaribu malimau."

"Jairo, utaninenepesha bure."

"Unenepe wapi, shemeji? Ungali msichana."

Msichana! Nami nipo hapo hapo, nimepakata redio isiyo na betri, sauti zao ndizo taarifa ya habari. Bernadeta akatafuna, akafumba macho. Miaka thelathini na moja nimeishi na mwanamke huyu. Nimemnunulia cherehani, baiskeli, na kitanda cha mninga kilichovunja mgongo wa punda wawili kukifikisha Kirumba. Sijaona amefumba macho.

Mwaka huo huo binti yetu Evelina akachumbiwa na kijana wa Misungwi. Wakwe wakatuma habari kwamba siku ya pili ya Krismasi watakuja tufahamiane, tena watakuja na bibi yao, ambaye asipokukubali yeye hakuna harusi.

"Jairo amesema mwaka huu atajaza mpaka juu," Bernadeta akaniambia huku anapiga pasi vitambaa. "Wakwe wakute meza ya maana."

"Wakwe zangu, nyumbani kwangu, wale mkono wa mwanamume mwingine?"

"Watakula maganda, Baba Evelina. Hawatamla Jairo."

"Nitayapika mimi."

Bernadeta akaweka pasi chini. Akacheka mpaka akashika mlango. Alipopata pumzi akauliza, "Wewe? Uliyechemsha yai mpaka likalia?"

Ni kweli lile yai lililia, lakini hiyo ni habari nyingine.

"Nasema nitapika."

Akaona sitanii. Akaenda jikoni akarudi na chupa tupu ya kahawa, ukubwa karibu sawa na ile ya kioo. "Haya. Ya kioo nimeshamwahidi Jairo. Wewe weka yako humu. Nitazitoa zote mbili mezani, na wageni wataambiwa hii ni ya nani na ile ni ya nani. Wakisifu yako, kuanzia mwakani ya kioo utajaza wewe mpaka tufe."

Nikaipokea ile chupa ya kahawa kama askari anavyopokea bunduki.

Kazi yenyewe sikuijua. Kumwuliza Jairo? Heri ningemeza ndoano. Nikatafuta tundu kwenye minyaa, nikainama pale asubuhi nzima, mgongo ukanisahau. Nikamwona akimenya machungwa, akikata maganda membamba, yamenyooka kama yamepimwa kwa rula. Akayachemsha, akamwaga maji. Akayachemsha tena, akamwaga tena. Uchungu ulikuwa unatoka na maji. Mara ya tatu akatoa karatasi mfukoni, akachota kitu cheupe kwa ncha za vidole, akatia kwenye sufuria. Nikajipiga paja. Nimeshika siri! Kitu cheupe, kidogo, cha kulainisha kitu kigumu: ni nini tena kama si magadi? Mama yangu kule Bujora hakupika maharage wala mlenda bila magadi.

Nikaenda sokoni, nikarudi na machungwa kikapu kizima, sukari kilo nne, na magadi ya kutosha kulainisha kwato za ng'ombe.

Sufuria ya kwanza nilitia kijiko kizima. Nilipofunua, hapakuwa na maganda. Palikuwa na uji wa kijani. Sufuria ya pili sukari ikaungua, na moshi wake ukavuka maji hadi Ukerewe. Nasikia kuna kijiji kule siku hiyo walikula ugali mkavu kwa ile harufu, wakashiba. Shira nyingine ilimwagika uani, jogoo wetu akaikanyaga, ikamgandia pamoja na kifuniko cha sufuria. Siku mbili alizunguka Kirumba na kifuniko mguuni, akiingia nyumba hii na ile kama mtoza ushuru. Bernadeta alikuwa anapita jikoni, anatazama, anatoka nje, halafu nasikia anacheka na Jairo upande wa pili wa minyaa. Kile kicheko kilinichoma kuliko ile shira.

Sufuria ya tatu nikatia magadi kidogo tu, na maganda nikayakata manene ili yasiyeyuke. Yakashika. Nikayaanika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, nikakaa nayo siku mbili nikifukuza nzi na watu wanaouliza. Yalitoka manene kama vidole vya mkulima, ya njano, laini, yananata. Nikayatia kwenye chupa ya kahawa nikajiona mtu.

Jioni ya mkesha Jairo akaleta yake. Yaa! Yalikuwa membamba, yanang'aa, sukari imekaa juu yake kama umande, ukilivunja moja linalia *kach*. Bernadeta akayapanga kwenye chupa ya kioo moja moja, kwa vidole viwili, kama anapanga mayai. Nikatazama chupa yangu. Nikatazama ya Jairo. Nikajua nimeshindwa, tena mbele ya wakwe.

Sasa nitasema nilichofanya, na sitajitetea. Jumapili asubuhi, siku ya wageni, Bernadeta na Evelina wakaenda misa. Mimi nikasema tumbo linauma. Walipopinda kona nikamwaga maganda ya Jairo kwenye sinia, nikatia yangu kwenye chupa ya kioo, kisha ya Jairo nikayatia kwenye chupa yangu ya kahawa. Nikafunga. Nikafuta alama za vidole kwa kanga. Tumbo likapona.

Wageni wakafika saa sita, watu wanane: kijana mwenyewe, baba yake, wajomba, shangazi, na Bibi Teodora katikati, mfupi, mweusi tii, na mkongojo mrefu kuliko yeye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mkwe. Nyumba yako ina harufu ya sukari. Vizuri."

Jairo naye alialikwa, akaja na koti la meli lenye vifungo vya shaba. Tukala wali na kuku. Yule jogoo wa kifuniko ndiye aliyechinjwa, Mungu amrehemu. Kisha Bernadeta akaleta chupa zote mbili.

"Hii ya kahawa," akasema, "ni ya mwenye nyumba, kapika kwa mkono wake. Na hii ya kioo ni ya jirani yetu, Jairo."

Wajomba wakaanza na ya kahawa. *Kach, kach.* "Baba Evelina, kumbe wewe fundi!" Shangazi akachukua mawili. Nikajinyoosha kwenye kiti. Nikamwangalia Jairo. Alikuwa ameshika ganda moja, analigeuzageuza kwenye mwanga, halafu akaniangalia mimi, halafu akaangalia tena lile ganda. Bernadeta alikuwa anatazama kucha zake.

Bibi Teodora akatia lake mdomoni, akalisukuma kushoto, akalisukuma kulia, akalitoa akalifunga kwenye kitambaa.

"Zuri," akasema, "lakini jino langu limebaki moja, na hilo nalitunza kwa ajili ya harusi. Hebu lile lingine."

Akatia mkono kwenye chupa ya kioo. Akaweka mdomoni. Akafumba macho! Kabisa, kama Bernadeta anavyofumba.

"Linayeyuka," akasema. "Miaka kumi sijatafuna kitu kitamu. Nani kayapika haya?"

"Jairo," akasema Bernadeta.

"Wewe mwanangu mwenye vifungo? Njoo hapa, kaa karibu yangu."

Na Jairo akaenda! Akavuta kiti, akakaa, akainamisha kichwa kama bikira. "Ah, bibi, ni kazi ndogo tu."

"Si ndogo. Harusini utakaa na mimi meza kuu, na utanipikia haya haya." Bibi akachukua la pili, la tatu, halafu akamgeukia mke wangu. "Mama Evelina, una bahati kuwa na jirani kama huyu. Wanaume wangekuwa hivi majumbani mwao, nani angezeeka?"

"Ni kweli, bibi," akasema Bernadeta.

Ni kweli, bibi! Maganda yangu! Vidole vyangu vilivyobabuka! Na yule mtu wa Shirati amekaa kwenye sifa zangu na vifungo vya shaba, na mke wangu anaitikia! Kama ningekaa kimya, wakwe wasingejua, wajomba wangenisifu mpaka Misungwi, na mimi ningekufa kwa wivu kabla ya keki ya harusi. Nikasimama. Kiti kikaanguka.

"Ni yangu!"

"Nini chako, mkwe?" Bibi akauliza.

"Hayo ya kioo! Nimebadilisha. Asubuhi, wakiwa misa. Haya magumu ndiyo ya Jairo, hayo laini nimepika mimi!"

Hata sahani zikaona aibu. Baba wa kijana akatazama viatu vyake. Evelina akajifunika uso na kanga. Baba wa bibi arusi amesimama mbele ya wakwe, siku ya kwanza, anakiri kuiba maganda.

"Umeyalainisha na nini?" Bibi akauliza taratibu.

"Magadi," nikasema kwa sauti ndogo.

"Magadi!" Jairo akaruka. "Magadi ya mlenda? Nani kakwambia tunatia magadi?"

"Si nilikuona! Kitu cheupe, kwenye karatasi."

"Ile chumvi, Mayala! Na ulinionea wapi?"

Hapo nikaona nimejifunga mwenyewe. "Kwenye minyaa," nikasema.

Bibi Teodora akaanza kutikisika. Nikadhani amepaliwa. Kumbe anacheka, hana sauti, machozi yanateremka, mkongojo unagonga sakafu. "Tangu nizaliwe," akasema, "nimewaona wezi wa ng'ombe, wezi wa pamba, wezi wa wake za watu. Mwizi anayejiibia mwenyewe, huyu ndiye wa kwanza. Wabeja sana, mkwe, nakushukuru. Mtoto wetu ataoa hapa, angalau hatutakosa cha kucheka. Harusini wenye meno wapewe ya jirani. Mimi nataka ya magadi."

Wageni walipoondoka, Evelina akiwasindikiza barabarani na Jairo ameshavuka kwenda kwake, Bernadeta akavuta chupa ya kioo. Yalibaki maganda manne. Tangu mwanzo alikuwa anajua, akaniambia. Angewezaje kutojua, Jairo anakata kama rula na mimi nakata kama mpini wa jembe? Akachukua moja, akatafuna akiwa wima.

"Nene," akasema.

"Ndiyo."

"Na magadi yamezidi."

"Ndiyo, mke wangu."

Akachukua la pili.

Nikatoka mbio mpaka kwenye ua. "Jairo! Jairo, umesahau kofia!"

"Kofia ninayo kichwani."

"Basi njoo uihakikishe huku!"

Akaja, kofia kichwani, akamkuta Bernadeta amelishika la tatu, nusu limeshaingia. "Unaona?" nikamwambia. "Unaona lakini?"

"Naona," akasema Jairo.

Bernadeta akatia mkono, akatoa lile la mwisho. Nikanyoosha kiganja. Akanipita. "Onja, Jairo," akasema, na akampa, kwa vidole vile vile viwili! Damu ikanipanda mpaka masikioni. Kisha akaifuta chupa kwa upindo wa kanga, ndani na nje, na badala ya kuirudisha mwenyewe akanikabidhi mimi.

"Iweke juu ya kabati. Polepole."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi, na sikuwahi kujua kwamba chini imeandikwa mwaka. Nikaiweka juu ya kitambaa chake, nikarudi nyuma hatua moja kuitazama. Nyuma yangu Jairo alikuwa bado anatafuna, taratibu, amekunja uso kama mtu anayehesabu.

"Laini kweli," akasema. "Hebu niambie, Mayala ndugu yangu. Ulitia magadi kiasi gani?"

"Minyaa si ile pale?" nikamjibu. "Chungulia."