Kura ya Mzee Nygaard

Daktari wa mifugo Roslyn Brandl alishindwa uchaguzi uliopita kwa kura za kuhesabika, na kilichomuuma si kushindwa bali kutojua sababu. Katika jimbo la Wisconsin, ambako upepo wa siasa leo unavuma huku na kesho kule, wakulima waliomwamini miaka nenda rudi na ng'ombe wao walikataa kumwamini na kiti cha seneti ya jimbo. Laiti wangemchukia, angeelewa. Lakini walimpenda! Walimpungia mikono barabarani, wakamletea jibini, kisha wakaenda kumpigia kura Kirby Lund, muuza matrekta asiyeweza kumaliza sentensi aliyoianza mwenyewe.

Sasa aligombea tena, na safari hii alitaka kujua kabla hajashindwa. Akaenda kwa Mzee Delmar Nygaard, mtu pekee aliyewahi kumwambia waziwazi kwamba alimnyima kura.

"Kwa nini, Mzee Nygaard?" alimuuliza jikoni, mbele ya kahawa na keki ya tufaha.

"Aa, Daktari, hakuna kitu. Wewe mtu mzuri tu."

"Ni kodi? Shule? Au sura yangu kwenye mabango?"

"Sura nayo..." Mzee akacheka. "Pale umetabasamu kama muuza bima. Lakini si hiyo."

"Acha kumchokoza mgeni," alisema Ardis, mkewe, akimwongezea Roslyn keki.

Roslyn alitamani kumshika mzee mabega amtikise. Maisha yake yote ametibu wanyama wasioweza kusema panapouma, na hakuna hata mmoja aliyemhangaisha kama huyu mwenye ulimi.

Mara mzee akajipiga magoti kwa viganja viwili. "Haya basi," akasema.

Kwa watu wa huko, maana yake mgeni ainuke. Roslyn akainuka, na simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Paige, meneja wake wa kampeni kutoka Madison, makao makuu ya jimbo, aliyempangia dakika chache tu kwa kila nyumba. Kampeni iliyopita Roslyn angekuwa ameshafika barabarani. Leo udadisi ulimshika miguu, akaiacha simu itetemeke.

Alipokuwa akivaa buti mlangoni, mzee akaanzisha habari za majani ya ng'ombe yaliyooza kwa mvua. Barazani akageukia habari za mwanawe aliyehamia jiji la Minneapolis, asiyetaka hata kusikia harufu ya zizi. Roslyn akaingia garini na kuwasha injini, na mzee akaegemea dirisha, macho yake kwenye mashamba.

"Ule mwaka wa kampeni ulikuja hapa," akasema.

"Nilikuja. Nikala keki."

"Ukala keki, ukasema asante, ukarukia gari. Mimi nimesimama hapahapa, nina neno. Ukanitimulia vumbi."

Roslyn akaondoa mikono kwenye usukani.

"Nikikuita kwa ng'ombe mgonjwa, Daktari, unakaa mpaka asimame. Ulipokuja kutaka kura hukungoja hata nimalize kukuaga. Nikajiuliza, huyu akishafika Madison, tutampatia wapi?"

"Na Lund je?"

"Lund mpumbavu. Lakini alisimama hapo mpaka kahawa yake ikapoa."

Aibu ilimpanda Roslyn usoni. Alikuwa amelaumu mabango, matangazo ya redio, hata nywele zake. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Enzi za udaktari mtupu, kila jambo zito alilolijua kuhusu familia hizi aliambiwa kwenye dirisha la gari. Sasa jibu alilolijia alikuwa nalo. Tayari akilini alikuwa anampangia Paige ratiba mpya, na mkono wake ukaenda kwenye gia.

Ukasita hapo.

"Mzee, hilo neno. Lilikuwa neno gani?"

Mzee akakwaruza tope kwenye kioo cha pembeni kwa ukucha, taratibu, kana kwamba ndilo lililomleta.

"Nilitaka kukuuliza kama niuze ng'ombe. Wote. Ardis alikuwa hajui."

"Na sasa?"

"Bado hajui."

Simu ikatetemeka tena. Roslyn akazima injini, akafungua mlango, na mzee akarudi nyuma kumpisha.

"Twende zizini nikawaone hao ng'ombe," alisema.

"Sijakuahidi kura, Daktari."

"Sijakuomba," alisema Roslyn, na alipoisikia sauti yake akajua kwamba ni kweli.