Taa Chini ya Blanketi

Mwaka 1976 Tharsisi aliamka haoni. Macho yake yalibaki safi, hayana tongo wala ukungu, na hilo ndilo lililomponza. Ndugu Bazilio, katibu wa kijiji kule Kibondo, alisema mtu mwenye macho mazuri namna ile anakwepa tu shamba la pamoja.

"Mbona kilabuni anafika bila fimbo?"

"Kilabu kina kelele, tena kinanuka, Ndugu Katibu," alijibu Esteri, mkewe. "Hata wewe ungefika umefumba macho. Si ndivyo unavyorudi?"

Watu wakacheka. Bazilio hakucheka. Aliwapeleka hospitali moja upande wa Kasulu, ambako Daktari Cleophas alikuwa amekuja na mashine ya kusoma umeme wa ubongo. Mashine ikisema Tharsisi anaona, Jumatatu anashika jembe. Tangu apofuke alishajikata mguu kwa jembe mara mbili. Esteri hakutaka kumzika kwa ajili ya mahindi ya kijiji.

Daktari alimbandika Tharsisi nyaya kichwani, akaweka taa mbele ya uso wake. Taa iliwaka na kuzima mara nane kwa sekunde. Kalamu za mashine zikachora mawimbi manane. Akaongeza hadi kumi na mbili. Mawimbi yakawa kumi na mawili.

"Ubongo unaitikia mwanga kwa kasi ileile," alisema daktari. "Huyu anaona kuliko mimi."

Bazilio akatoa daftari lake.

Lakini Esteri alikuwa akisikiliza. Kila taa ilipowaka ililia ta, ta, ta, kama mahindi kikaangoni. Alichukua blanketi kitandani, akaifunika taa gubigubi.

"Washa, Daktari."

"Mama, utaiunguza!"

"Washa kidogo tu."

Kalamu zikachora kumi na mawili, bila kukosa hata moja.

"Kumbe mume wangu anaona hadi ndani ya blanketi," alisema Esteri. "Sasa mzibe masikio kwa pamba, uifunue taa."

Safari hii kalamu zilijiendea ovyo, hazikuifuata taa tena. Daktari alikohoa, akaandika cheti cha upofu. Katika ripoti yake aliandika kwamba jaribio la blanketi amelibuni yeye.

Tharsisi hakushika jembe tena. Alipofariki, miaka mitatu baadaye, Bazilio alisimama msibani akamsifu kwa sauti kubwa: marehemu alikuwa mstari wa mbele katika shamba la pamoja.

Esteri aliangaza huku na huku akitafuta cha kumfunika nacho. Hapakuwa na blanketi karibu.