Nafasi Kwenye Risasi

Muhuri wa madini ya risasi unaoning'inizwa kwenye hati haupiti upana wa kidole gumba, lakini Epifanios, hakimu mpya wa jimbo, alitaka vyeo vyake vyote sita viingie humo. Alimtupia Pothos, mchonga mihuri wa mji wa Atalia, orodha ndefu kama utumbo wa mbuzi.

Pothos aliisoma, akakuna kichwa. "Mheshimiwa, hapa patatosha jina, vyeo vinne, na ile dua ya kila muhuri: Bwana, msaidie mtumishi wako. Vyeo viwili tuviache."

"Kwani umevisotea wewe?" hakimu alifoka. "Ondoa hiyo dua! Mtu kama mimi nisaidiwe nini?"

"Na lile neno mtumishi?"

"Hilo hasa ndilo linalonichefua."

Pothos akaiacha dua, akachonga vyeo vyote sita. Kwa miaka miwili hukumu za Epifanios zilining'inizwa risasi iliyojaa vyeo hadi ukingoni, na watu wakazoea kumjua mshindi wa kesi kwa kuangalia tu nani kampelekea hakimu kondoo.

Kisha Kaizari akamfukuza kazi, akamwita mji mkuu kujibu mashtaka. Asubuhi moja Epifanios akaingia karakanani kwa miguu, joho limemchakaa, sauti laini kama mafuta.

"Ndugu yangu Pothos, nichongee muhuri mwingine, nimwandikie Kaizari kuomba rehema. Ile dua... unaweza kuirudisha?"

Pothos akaitoa ile orodha ya zamani sandukuni, akavikata vyeo vyote sita kwa mistari ya mkaa, kimoja kimoja, bila haraka.

"Naweza," akasema. "Sasa nafasi ipo tele."