Kamanda Aliyekimbia

Uldaki hakuwa hata na wiki moja tangu akabidhiwe ngome ya mpakani. Alikuwa Mhunni, mtu wa nyika za kaskazini aliyejua kupanda farasi kabla ya kujua kutembea vizuri. Kaisari alimpa wapanda farasi sitini wa kabila lake, pamoja na askari wa miguu mia mbili wa Kirumi ambao hawakumtaka.

Ndipo Waajemi walipovuka mpaka na kuswaga kondoo wote wa mji uliokuwa kando ya ngome.

"Jana adui, leo kamanda!" alibeza Theodulo, askari mkongwe wa Kirumi, makusudi asikike. "Haya, bwana mkubwa, tuamuru."

"Kajificheni kwenye lile korongo kavu," Uldaki akasema. "Mkiniona nakimbia, msicheke."

"Ukikimbia, nitacheka mpaka nizimie."

Uldaki akawafuata Waajemi akiwa na wapanda farasi wake. Akawamiminia mishale, kisha akageuza farasi ghafla na kutimua mbio. Waajemi walikuwa mia tatu. Wakaona wamepata mteremko. Wakawaacha kondoo, wakamfukuza.

Theodulo, kalala kifudifudi korongoni, alimwona kamanda wake akija mbio, kofia mkononi, akipiga mayowe kwa Kigiriki kibovu, lugha ya askari wale wa Kirumi: "Mama yangu! Nakufa mie!" Mkongwe akajiuma kiganja, machozi ya kicheko yakimtoka.

Wahunni wakaruka korongo. Waajemi walipofika ukingoni, mikuki mia mbili ikachomoza mbele yao. Farasi wakashtuka, wakasimama kwa miguu ya nyuma, wakawabwaga waliowapanda. Papo hapo Uldaki akageuka, na mishale ikaanza upya. Waajemi wakatupa ngao, wakatoka nduki.

Alasiri ile mji mzima ulimiminika langoni kupokea kondoo. Mjane Marta, mwenye kundi kubwa kuliko yote, alichinja madume manne. Mvinyo ukatolewa. Theodulo akavua kofia, akaanza kukimbia kuzunguka moto, akipiga mayowe kumwigiza kamanda. Watu wakashika mbavu.

Uldaki akainuka.

"Hujui kitu wewe," akasema. "Mimi nililia zaidi ya hapo!"

Akavua kofia yake, akamshika Theodulo mkono, wakakimbia pamoja wakipiga mayowe, na nyuma yao askari, Wahunni kwa Warumi, wakajiunga mmoja mmoja. Hata Marta alikimbia, kisu bado mkononi.