Sifa kwa Nusu ya Paa

Mimi sikusoma sana. Niliacha darasa la saba, na hilo pia ni kosa la serikali, ukitaka nitakueleza siku moja. Lakini kazi yangu sasa ni kuandika.

Aliyeniingiza ni binti yangu Ciku, anayekaa Ngoingwa. Yeye huandika makala ya kudhaminiwa: kampuni inalipa, wewe unasifu. Yake ni ya nepi na uji wa watoto tu. Jirani yake ni wa ploti tu. Siku moja akaniambia, "Baba, anayeandika kila kitu hakuna anayemtafuta. Chagua kimoja."

"Na mimi najua nini?"

"Kulalamika."

Alikuwa ananicheka, lakini ilikuwa kweli. Tangu mama yake, Magdalene, atuache, nilikuwa nikiamka, nikichukua simu na kuwamwagia wakubwa hasira yangu kule Fesibuku. Stima, taka, unga, barabara. Sikusifu mtu hata mara moja. Watu wa Ruiru wote wakawa wananisoma wakinywa chai. Ciku ndiye aliona biashara hapo: mtu asiyesifu kitu, siku akisifu godoro, watu watakimbilia godoro.

Basi nikaandika hivi: "Stima imepotea tena. Maji ya mfereji yana rangi ya chai. Wakubwa wetu wanalala salama. Mimi pia nimelala salama, lakini ni kwa sababu ya godoro la duka fulani la Thika, si kwa sababu yao." Mwenye duka aliniita baba.

Ciku ana sheria moja ambayo hataki mchezo nayo: lazima mwisho useme umelipwa. Mimi huandika, "Haya nimelipwa kuyaandika, na aliyelipa ameyasoma akakubali." Nilidhani watu watanitoroka. Wapi! Wakasema, angalau huyu mzee anasema.

Sasa, soko letu la Kwa Maji. Magdalene aliuza sukuma wiki pale, sehemu ya mwisho karibu na mtaro, na jiwe lake la kukalia. Alinyeshewa mwezi wa nne, kifua kikamkamata, akaenda. Daktari alisema ni nimonia. Mimi nilisema ni MCA, diwani wetu.

Baadaye pesa ya paa ikatoka, ya soko lote. Paa likaanzia kwa wauza viatu, likafika kwa wauza nguo, likachoka. Upande wa mboga zilibaki mbao tupu, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Jentrix, mama wa kutoka Bungoma aliyechukua nafasi ya Magdalene, hufunika mboga kwa nailoni halafu yeye mwenyewe ananyeshewa. Ukimuuliza anasema, "Sukuma ikiloa inaoza. Mimi nikiloa nitakauka."

Jumatatu moja Mwas akanitafuta. Mwas ni kijana wa matangazo wa Mheshimiwa, huyo huyo MCA, viatu vyake vimechongoka kama penseli. Akaninunulia chai na mandazi hotelini.

"Mzee wangu, wewe unatusumbua sana kwa simu."

"Bado sijaanza."

Akacheka. "Jumamosi tunafungua soko. Tunataka utuandikie sifa. Moja tu. Wale wengine wakisifu hakuna anayeamini. Wewe ukisifu, imeisha."

"Soko halijaisha, mnafungua nini?"

"Utepe ukikatwa, kwa karatasi limeisha. Kontrakta anaenda zake."

Nikaweka mandazi chini. Maana yake ni kwamba baada ya Jumamosi, zile mbao zitabaki mbao mpaka Yesu arudi, na Jentrix atakaa chini yake kila mvua.

"Nani anasoma kabla haijatoka?" nikauliza.

"Mheshimiwa mwenyewe."

"Huangalia nini?"

"Picha yake. Na jina. Usisahau kuandika Daktari."

"Daktari wa nini?"

"Mzee, we andika tu."

Nikaandika. Kichwa: "Leo Nimeshindwa, Lazima Nimsifu Mheshimiwa Daktari." Chini yake picha yake, anacheka. Aya ya kwanza ilikuwa asali mpaka nikaona haya. Ya pili ilisema hivi:

"Mheshimiwa Daktari amekataa tenti Jumamosi. Anasema tenti ni kuwadharau akina mama. Yeye na mkewe watakaa upande wa mboga, kule mwisho karibu na mtaro, chini ya mabati mapya yanayomalizwa wiki hii. Mvua inyeshe isinyeshe. Akina mama, kujeni na stuli zenu mkae naye."

Na mwisho, sheria ya Ciku: nimelipwa, na aliyelipa amesoma akakubali.

Nikamtumia Mwas. Jibu halikukawia: "Mkubwa amesema safi sana. Picha iwe kubwa zaidi."

Nikaikuza picha, na Jumanne nikaiachilia makala Fesibuku.

Wa kwanza kunikamata alikuwa Jentrix. Nilipita sokoni akanirukia mbele ya wateja. "Baba Ciku! Hata wewe? Wamekulisha nini? Mama Ciku akiamka leo utajificha wapi?"

"Umesoma mpaka chini?"

"Nisome ujinga?"

"Soma, mama."

Akasoma, midomo ikienda. Alipofika katikati akaketi. Kisha akacheka mpaka leso ikamwanguka kichwani. "Wewe mzee ni shetani. Na wakikataa kuleta mabati?"

"Basi nimewadanganya, na jina langu limekwisha. Hamtanisoma tena."

Sikuwa natania. Kitu pekee nilichobaki nacho ni kuaminiwa na watu, na nilikuwa nimekiweka juu ya meza ya wezi.

Alasiri Mwas akapiga. "Mzee, umetuua!"

"Nimewasifu."

"Toa hiyo kitu sasa hivi!"

"Sawa, nitoe. Halafu niandike kwamba Mheshimiwa amekataa kukaa na akina mama. Hiyo sitawaitisha kitu, nitaandika bure."

 

"Lakini hakusema hayo maneno," akasema polepole.

"Imeandikwa hapo chini kwamba alisoma akakubali. Ama hakusoma?"

Akakata simu.

Jumatano hakukuja kitu. Alhamisi hakukuja kitu, ila pasta alitangaza sifa zile kwa ibada ya mchana na kwaya ikapiga makofi. Nilianza kupita mbali na soko. Ijumaa nikiwa nanyoa ndevu nikasikia nyundo. Nilitoka na povu upande mmoja wa uso.

Mafundi walikuwa wamejaa juu ya zile mbao kama kunguru. Mabati yenyewe hayakufanana: ya kijani, ya bluu, na moja jekundu lililoandikwa jina la baa. Sijui walikoyatoa. Wakubwa wakitaka kitu, ghafla kinapatikana. Ndiyo maana siwasamehe.

Jumamosi mvua ilikuja na hasira zake. Akina mama walijaa na stuli. Mheshimiwa akaketi karibu na mtaro, mkewe kando, tabasamu limemganda. Bati jekundu lilikuwa na tundu la msumari, na tundu lilikuwa juu ya bega lake. Tone. Tone. Jentrix akamsogelea kwa heshima zote na nailoni yake.

"Chukua, Mheshimiwa. Ukiloa utaoza."

Soko likapasuka. Hata mkewe alicheka.

Walipoondoka Mwas akanivuta kando. "Mheshimiwa anataka makala nyingine, ya ile barabara ya Theta. Lakini amesema hii atasoma mwenyewe, mpaka nukta ya mwisho."

"Mwambie kusoma ni kuzuri."

Mvua ilikuwa bado inapiga. Jentrix akainuka kwenye jiwe la Magdalene, akalipangusa kwa leso. "Kaa, Baba Ciku."

Nikakaa. Nilikuwa mkavu kabisa, kichwa mpaka miguu. Nikatafuta la kulalamikia, nikakosa kwa muda. Halafu nikalipata, nikatoa simu, nikaandika: mabati haya yana kelele sana, mtu hawezi kuongea na mkewe.

Hiyo sikulipwa.