Sahani ya Nyembesi

Mimi ni wa ukoo wa Chihera, na sisi wanawake wa Chihera kunyamaza hatukujaliwa. Ndiyo maana watu wa huku hucheka wakisikia kazi yangu: kuwapandisha wageni hadi maporomoko ya Nyamutsapa, mahali ambapo ukiona cha ajabu hufungui mdomo. Unapiga makofi polepole, unakaa chini, unatulia. Ukisema neno, ulichokiona kinaondoka, na pengine kinaondoka na wewe.

Dada yangu Nyembesi alipanda huko na wanakwaya wenzake, enzi za usichana wetu. Baada ya kula akashuka ukingoni kuosha sahani ya bati ya mama, ile yenye mzingo wa buluu. Hakurudi. Mama akakataa kukaa matanga miaka yote. "Ipo siku utamwona," aliniambia kila nilipofunga viatu. "Usimwite. Ngoja akusalimu yeye kwanza. Akikusalimu tu, mshike mkono umlete nyumbani." Na kila jioni alimpakulia sadza yake, ugali wa kwetu. Wageni ni kisingizio changu. Nimepanda miaka yote hii kumfuata dada yangu.

Juzi nilikuwa na maharusi kutoka Harare, Simbisai na mkewe Runyararo. Bwana harusi alikuwa na domo, jamani! Kwenye pango lenye michoro ya watu wa kale akasimama kuwakagua wawindaji waliochorwa ukutani.

"Shangazi, mbona wembamba hivi? Walikuwa hawali?"

"Walikula. Ila wao walinyamaza kwanza, wanyama wasikimbie."

Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta.

"Haya, huko juu nikimwona simba?" Simbisai akauliza.

"Nyamaza."

"Nikimwona mama mkwe?"

"Piga makofi, halafu nyamaza zaidi."

"Huyu hawezi, shangazi," Runyararo akasema. "Hata usingizini anaongea."

Tulipotoka kwenye miti ya misasa, ukungu ukatushukia. Tukafika kwenye bwawa chini ya maporomoko, na hapo nikasimama. Maji yalikuwa yanaanguka kama siku zote, lakini mngurumo wake haukuwepo. Kilichosikika ni mchanga ukisugua bati. Kwaru, kwaru, kwaru.

Nyembesi alikuwa amechuchumaa ng'ambo ya bwawa, na blauzi yake nyeupe ya kwaya. Mimi nina mvi, magoti yananiuma. Yeye alikuwa bado msichana. Nikapiga makofi polepole, nikakaa. Simbisai naye alimwona, maana aliketi palepale, kimya kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nyembesi akasuuza sahani, akaiweka juu ya jiwe, akainua uso. Akanitazama. Alinitambua, naapa alinitambua! Midomo yake ikaanza kufunguka. Moyoni nilikuwa nambembeleza: sema, dada, nisalimu tu, twende zetu kwa mama.

Lakini Runyararo alikuwa hajakaa. Hofu ilikuwa imemshika, anarudi kinyumenyume, macho kwa Nyembesi, na nyuma yake kulikuwa na jiwe la kijani lenye utelezi, kisha genge linaloshuka bondeni. Mumewe alikuwa amempa mgongo. Nikauona unyayo wa Runyararo ukiteleza. Nilikuwa mbali, mkono usingemfikia.

"Runyararo! Kaa chini! Kaa chini, mwanangu!"

Akajibwaga chini, miguu yake tayari inaning'inia. Simbisai akaruka, akamdaka koti, akamvuta. Mngurumo wa maji ukarudi kwa kishindo. Nilipogeuka, ng'ambo hakukuwa na mtu. Sahani tu, juu ya jiwe, inachuruzika maji. Nikazunguka bwawa, nikaichukua.

Tulishuka Simbisai akiwa amemshika mkewe kwa mikono miwili. Kule barabarani Runyararo akaniuliza, "Shangazi, yule alikuwa nani?"

"Panda gari uende kwenu," nikamjibu kwa ukali, kisha nikageuka nisilie mbele yake.

Nyumbani nikampa mama sahani. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Akaupapasa ule mzingo wote kwa kidole.

"Alikusalimu?"

"Alikuwa ndio anataka, mama. Nikapiga kelele. Binti wa watu alikuwa anaanguka."

Akaendelea kuupapasa mzingo. Nilitamani anitukane.

"Huyo binti, mama yake yuko hai?"

"Yuko."

"Basi," akasema. Akaifuta sahani kwa upindo wa nguo yake. "Kesho waambie majirani waje. Tukae matanga."

Jioni ile alipakua sadza mahali pawili tu. Yangu aliiweka kwenye ile sahani ya buluu, akanisogezea. Nikala nikaimaliza, kwa sababu alikuwa anasikiliza. Kuiosha ndiko kulikonishinda.